Tabasamu Tukuhudumie

Hapakuwa na mtu aliyemjua mtumiaji kama Fundi Kioo alivyomjua, na siri ya ujuzi wake ilikuwa moja tu: hakuwahi kukutana naye.

Mtumiaji huyo aliishi ukutani, juu ya meza yake ya kazi, kwenye karatasi kubwa iliyochorwa kwa rangi tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, mpenda muziki laini, asiye na haraka ya kwenda popote. Alikuwa na meno thelathini na mawili, na yote yalionekana. Kila Fundi Kioo alipokwama aliinua macho akamuuliza, naye hakuwahi kumbishia. Mke wa Fundi Kioo aliwahi kusema angependa sana kujua yule mwanamke anawezaje.

Jina la Fundi Kioo alipewa na wenzake ofisini, maana kazi yake ilikuwa kubuni sura za programu, kile mtumiaji anachokiona na kukigusa kwenye skrini. Yeye hakulipenda.

"Fundi ni wa mabomba," alikuwa akisema. "Mimi ni msanifu."

Basi ikaja kazi ya kliniki ya meno. Walitaka mashine mlangoni, mgonjwa ajisajili mwenyewe kwenye skrini badala ya kuandikwa kwenye daftari na dada wa mapokezi. Msanifu mwingine angekwenda kuiona hiyo kliniki. Fundi Kioo alikataa kwa sababu za kitaalamu.

"Ukimtazama mtumiaji, unamharibu," alieleza.

Sababu isiyo ya kitaalamu ni kwamba aliogopa madaktari wa meno tangu darasa la pili, kiasi kwamba akiona kibao chenye picha ya jino alikuwa anapita mtaa wa pili. Na wiki ya tatu sasa, gego lake moja la chini lilikuwa linampigia ngoma.

"Mbona unatafuna upande mmoja kama mbuzi?" mkewe alimuuliza mezani.

"Napumzisha ule mwingine."

Dada wa mapokezi alipiga simu mara mbili. "Kaka, njoo ukae hapa kwenye benchi asubuhi moja tu. Utaona mengi."

"Dada yangu, mimi naona hata nisipotazama."

Akaendelea kusanifu. Skrini ilianza na vitufe sita. Akavipunguza vikawa vitatu, kisha kimoja, na hicho kimoja kikamkera kama kipele puani. "Kitufe," aliwatangazia wenzake, "ni ukuta kati ya mtu na furaha yake." Akakifuta. Ikabaki skrini nyeupe, kamera juu yake, na maneno mawili: *Tabasamu tukuhudumie.* Mtu akionyesha meno, kamera inamnasa, mashine inampa nafasi kwenye foleni, kazi imekwisha. Aliijaribu ofisini siku ya keki ya kuzaliwa ya bosi, na watu wote kumi na mmoja wakasajiliwa bila taabu.

Siku ya majaribio Fundi Kioo alilazimika kwenda. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye mikono iliyokaza; Fundi Kioo aliitazama ile mikono mara moja akageukia dirishani. Daktari akachukua daftari la mapokezi, akalifungia kwenye droo, ufunguo akautia mfukoni.

"Nawapa hadi saa sita," akasema. "Wagonjwa wangu wakisajiliwa, mashine inabaki. Wasiposajiliwa, inaondoka, na kazi nawapa wengine."

Bosi wa Fundi Kioo alisimama pembeni amekunja mikono. Kwenye gari alikuwa amesema sentensi moja tu: "Ikiondoka mashine, na wewe unaondoka."

Wa kwanza alikuwa mwashi, shavu limevimba kana kwamba ameficha chungwa. Akasimama mbele ya skrini. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Inasemaje hii?"

"Inakuomba utabasamu," Fundi Kioo akamwambia.

"Kwa lipi?"

Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi ya ukutani. Mwashi akarudi kuketi.

Wa pili alikuwa mzee mchangamfu, mtu wa kupenda mambo mapya. Akatabasamu hadi masikioni. Kwa mbele hakuwa na jino hata moja. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika: *Tabasamu zaidi.* Mzee akaongeza. *Tabasamu zaidi.*

"Nimefika mwisho, mjukuu wangu," mzee akasema. "Zaidi ya hapa ni kupasuka."

Wa tatu alikuwa mama aliyejifunga kitambaa toka kidevuni hadi utosini, amesindikizwa na mumewe. Yule mama aliitazama skrini kwa macho ambayo Fundi Kioo aliyahisi mgongoni. Mume, kwa mapenzi, akainama amsaidie. "Mbona rahisi, mama watoto," akasema, akatabasamu.

Mashine ikalia kengele. *Karibu. Wewe ni wa kwanza. Ingia.*

Mume akaingizwa, akalazwa kitini, akakaguliwa, akasifiwa fizi.

Baada yake mashine ilimsajili mleta maji, kisha binti aliyepita kuuliza njia ya kwenda kwa fundi cherehani, kisha mtu wa bima aliyezoea kutabasamu popote anapoona mlango. Kufika saa tano, daktari alikuwa amechungulia vinywa vinne, vyote vizima kama vimetoka dukani, na benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa vilevile, likiguna.

Daktari akatoka anavua glavu. "Mashine yenu inachuja vizuri sana," akasema. "Inanichujia wazima."

"Tatizo hawajitumi," Fundi Kioo akajibu. "Mtumiaji wangu mimi angetabasamu."

"Yuko wapi tumwite?" dada wa mapokezi akauliza.

"Yuko ofisini."

"Anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi. Yuko ukutani. Ni picha."

Mzee akavua kofia.

"Apumzike kwa amani," akasema.

Bosi akakohoa. Fundi Kioo akajua hicho si kikohozi cha mafua. Akavuta shati, akasogea mbele ya skrini. "Ngojeni niwaonyeshe," akasema, akatabasamu lile tabasamu la siku ya keki, meno yote nje.

Feni ya darini ikapeleka hewa ya baridi moja kwa moja kwenye gego. Machozi yakamtoka, lakini hakufunga mdomo. Kengele ikalia. *Karibu. Wewe ni wa tano. Ingia.*

"Mmeona?" akageuka kwa ushindi.

Daktari hakuwa anaitazama skrini. Alikuwa analitazama shavu. "Niambie kitu kimoja," akasema. "Huyu wa tano ni mgonjwa au ni mzima? Kama ni mzima, mashine imekosea mara ya tano. Kama ni mgonjwa, kiti kile pale."

Fundi Kioo akautazama mlango wa nje. Katikati palikuwa na magoti ya mwashi.

"Jibu," bosi akasema.

"Mgonjwa," Fundi Kioo akajibu, kwa sauti ambayo hata mbu angeionea huruma.

"Usiogope, kaka," dada wa mapokezi akamtia moyo. "Hata mume wa yule mama ametoka salama."

Yaliyotokea ndani si ya kusimulia. Inatosha kusema benchi lilisikia, na mwashi akaanza kuona kwamba jino lake limepoa.

Alitoka saa sita kasoro dakika tatu, pamba mdomoni, nusu ya uso imekufa ganzi, na gego kwenye kikaratasi. Lilibaki jambo moja. Kwa usanifu wake mwenyewe, faili la mgonjwa halifungwi mpaka mgonjwa ashukuru. *Umeridhika? Tabasamu tumalize.*

"Ikikukubali," daktari akasema, "nitahesabu mgonjwa mmoja. Mmoja atanitosha."

Fundi Kioo akatabasamu. Upande wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulining'inia kama shati kwenye kamba, pamba ikichungulia. *Jaribu tena.* Akausukuma kwa kidole. *Jaribu tena. Onyesha furaha.*

Saa ya ukutani ikaingia dakika ya mwisho. Fundi Kioo akaanza kuipapasa skrini, kona hadi kona, kisha pembeni, kisha nyuma kwenye nyaya.

"Unatafuta nini?" bosi akauliza.

Akasema kitu. Hakuna aliyeelewa ila dada wa mapokezi, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezungumza na watu wenye pamba mdomoni.

"Anauliza," akatafsiri, "kitufe kiko wapi."

Ikatimu saa sita. Daktari akafungua droo.

"Tupe wiki nyingine, daktari," bosi akaomba.

Daktari akamtazama dada wa mapokezi. Dada akafungua daftari ukurasa mpya, akalainisha kidole ulimini.

"Sharti langu moja," akasema. "Akae benchi. Wiki nzima. Asiseme, atazame tu."

Kusema hata asingeweza. Mzee akasogea, akapangusa nafasi kwa kofia yake.

"Karibu, mjukuu wangu," akamwambia. "Foleni inaanzia kwa mwashi."