Nilivyojipa Tiki kwa Mawazo Yangu Mabaya

Wenzangu, leo nimeaibika mbele ya watoto themanini na saba, mkaguzi mmoja na kuku mmoja. Nawaandikia jioni hii hii kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine, maana mnaijua Mwanza: ukipiga chafya Mkuyuni, Buzuruga wanakupa pole. (Barua hii msomeane ninyi watatu tu mliosoma nami chuoni. Magesa, usimsomee mkeo. Najua utamsomea.)

Nimeamka na fomu. Ile ya kuomba kwenda kusomea diploma, niliyoikosa mwaka juzi, nikaikosa tena mwaka jana. Safari hii kila kitu kimejazwa isipokuwa mistari mitatu tu: Maoni ya Mkuu wa Shule. Na fomu lazima ifike ofisi ya elimu kesho asubuhi. Mkuu wetu, Mzee Masanja, aliniambia jana, "Mwalimu Nyangoma, niletee kesho mkaguzi akishaondoka. Nitakuwa na roho nyeupe."

Kwa hiyo leo nilikuwa na kazi moja tu. Roho ya Mzee Masanja ibaki nyeupe mpaka mkaguzi aondoke.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikutana kikundi cha maombi, walimu Wakristo saba, ndani ya Darasa la Sita kwa sababu ndilo lenye mlango unaofunga. Anayetuongoza ni Mama Neema, mwalimu wa Sayansi Kimu. Majuzi amerudi kutoka semina ya kanisa huko Kirumba, semina ya walimu na msongo wa kazi, na tangu arudi hakuna anayeruhusiwa kulalamika. Ukisema darasa limejaa, anakwambia sema limebarikiwa. Ukisema chaki zimeisha, anakwambia sema zinakuja.

Na mimi msongo ninao, jamani, sisingizii. Tangu soko huria liruhusiwe, walimu watatu wa shule yetu wameacha chaki wakaenda kuuza mitumba. Vipindi vyao vyote nimevirithi mimi. Nusu ya wavulana wangu asubuhi wako kwenye viwanda vya samaki wanagombania mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki minofu ikishatolewa. Wanaobaki wamenikodolea macho.

"Wazo baya likija," Mama Neema akasema, "usilifukuze hivi hivi, litarudi na ndugu zake. Liandike kushoto. Halafu ligeuze, liandike upya kulia."

Akachukua kitambaa akafuta ubao. Ubao ulikuwa na notisi zangu za Jiografia nilizoandika jana ili watoto wanakili leo: Faida na Hasara za Ziwa Letu. Aliacha kichwa cha habari na ule mstari wa katikati, maana mstari aliuhitaji.

"Usijali," nikamwambia, "nitaziandika upya." (Ishikeni sentensi hiyo. Mimi sikuishika.)

Walimu wenzangu wakaandika mambo ya adabu. Nina wasiwasi. Nachoka. Halafu wakayageuza, wakafuta. Ikafika zamu yangu, ya mwisho. Mama Neema akanishika bega. "Mwanangu, kuwa mkweli. Mungu anajua tayari."

Basi nikawa mkweli!

Kushoto nikaandika matatu. Moja: Mkuu wa shule analala ofisini. Mbili: Darasa la Sita nawafundisha, wananitazama kama samaki wa soko la Mwaloni. Tatu: Mkaguzi anakuja kula kuku. Kisha nikayageuza, nikaandika kulia. Moja: Mkuu wa shule anafumba macho kuliombea taifa. Mbili: Darasa la Sita wanaelewa, ila hawana haraka. Tatu: Mkaguzi anakuja kututia moyo, kuku ni nyongeza.

Walicheka mpaka Mama Neema akafuta machozi kwa kanga. Nikajisikia mwepesi kweli, kama niliyetua ndoo. Tukaomba, kengele ikalia, tukakimbilia mstarini.

Wote saba. Hakuna aliyefuta.

Mstarini Mzee Masanja akatangaza kwamba mkaguzi hatakuja saa nne tena, anakuja saa tatu. Kisha akaniita pembeni, akanikabidhi kuku. Mzima! "Mpeleke kwa mpishi, Mwalimu. Mwambie asitie pilipili, mgeni ana vidonda vya tumbo."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotelea. Natembea barazani na kuku wangu, wazo likanipiga kifuani: ule ubao umefutwa?

Mtu mwenye akili zake angekwenda kuangalia. Mimi nilikuwa nimefundishwa asubuhi hiyo hiyo. Nikasema, aha! Wazo baya hilo, limeanza! Nikaligeuza papo hapo: ubao wangu uko salama. Nikavuta pumzi. Nikapata amani kubwa, hata kuku alitulia.

Mnajua wakaguzi wanachopenda: tarehe ya leo na wino mwekundu. Nikasimama nje ya dirisha la Darasa la Sita. Kuingia na kuku singeweza, wangeniona wa ajabu. Nikamwita kiranja, binti mmoja anaitwa Kulwa, mtiifu, mwandiko wake utadhani umepigwa chapa.

"Kulwa! Nakilini yaliyo ubaoni, haraka. Kisha niletee madaftari yote ofisini nisahihishe."

Akautazama ubao, akanitazama mimi. Halafu, "Mwalimu, tunakili na ya kushoto?"

"Yote! Kushoto na kulia!"

"Hata namba moja, Mwalimu?"

"Namba moja ina nini? Andikeni! Mkimaliza mfute ubao, mkaguzi anakuja."

(Mtoto alijaribu kuniokoa mara mbili. Siku ya hukumu atanishuhudia.)

Madaftari yakaja. Themanini na saba, dakika ishirini. Mnajua inavyokwenda: fungua, tiki, tarehe, sahihi, funga. Sikusoma hata mstari mmoja, na nani kati yenu anasoma? Nikiwa katikati nikaona neno "kuku" likipita. Nikasita. Kuku katika faida za ziwa? Nikajiambia hapana, nimetoka jikoni, kuku yuko akilini mwangu, si daftarini. Nikaligeuza hilo nalo, nikaendelea. Daftari la Kulwa lilikuwa safi mno nikaliongezea maneno: Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo.

Saa tatu mkaguzi akafika. Mzee mrefu, tai fupi, sauti ya chini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema tuanze na Darasa la Sita. Mzee Masanja akaingia naye akitabasamu. Mimi nikafuata nyuma.

Ubao ulikuwa safi unang'aa.

Hapo akili ikaanza kunizunguka. Kama ubao tuliufuta asubuhi, basi watoto wamenakili nini? Kama hatukuufuta, basi wame... Hapana. Notisi zangu. Lakini notisi zangu Mama Neema alizifuta, nilimwona kwa macho yangu. Basi nimesahihisha nini mara themanini na saba? Nilijaribu kuligeuza wazo hilo, likakataa kugeuka.

"Leo mmejifunza nini?" mkaguzi akauliza.

"Faida na hasara za ziwa letu!" darasa zima likaitikia. Mzee Masanja akatikisa kichwa kwa fahari.

"Vizuri. Kiranja, waongoze wenzako wasome."

Nilitaka kusema kitu. Kulwa alishasimama na daftari lake. Na hapa lazima niwaeleze: darasa langu nimelizoesha mwenyewe kwamba somo la faida na hasara, madawati ya kushoto yanasoma hasara, ya kulia yanajibu faida. Kwa sauti. Nilikuwa najivunia sana mbinu hiyo.

"Hasara namba moja!" Kulwa akaita, macho yake kwangu, amejaa huruma.

Upande wa kushoto ukapaza: "Mkuu wa shule analala ofisini!"

Upande wa kulia ukajibu: "Mkuu wa shule anafumba macho kuliombea taifa!"

Mzee Masanja alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilisahaulika usoni pake. Mkaguzi akainua mkono, nikadhani anawanyamazisha. Kumbe alikuwa anawapungia waendelee!

"Hasara namba mbili!"

Wakajisoma wenyewe kuwa samaki, kwa sauti kubwa, bila kinyongo. Na ilipofika namba tatu, jamani, upepo ukageuka. Harufu ya kuku ikaingia dirishani, harufu ya vitunguu na nyanya, ikatusimamia hapo katikati wakati madawati ya kushoto yakisema, "Mkaguzi anakuja kula kuku!"

Upande wa kulia wakasema kuku ni nyongeza. Hakuna aliyewasikiliza.

Mkaguzi akachukua daftari la Kulwa. Akasoma taratibu, akatoa miwani, akaivaa tena.

"Mwalimu, hapa ziwa liko wapi?"

"Lipo... lipo kwenye kichwa cha habari, mheshimiwa."

"Na huu wino mwekundu ni wa nani?"

"Wangu."

"Vizuri sana," akasoma. "Endelea hivyo hivyo." Akalifunga daftari akalirudisha dawatini kwa heshima zote. "Hii ni mada ya ngapi kwenye muhtasari?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui hata jina langu. Nilianza kueleza habari za semina, za kushoto na kulia, za notisi zilizofutwa, nikajikuta naeleza habari za Mama Neema na kanga yake. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Mzee Masanja alivyozidi kuitazama sakafu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kuku aliliwa, mkaguzi akaomba na mchuzi. Mimi sikuitwa mezani, wala sikutaka.

Saa nane nikaambiwa Mkuu ananiita. Nikaenda na fomu yangu nimeikunja mara nne. Nilishaaga diploma, tena nilikuwa nakaribia kulia. Nikaketi ukingoni mwa kiti.

Mzee Masanja akanyoosha mkono. Nikampa fomu. Akaikunjua, akailainisha kwa kiganja, akaandika muda mrefu. Akagonga muhuri. Akanirudishia.

Nimeinakili hapa neno kwa neno: "Mwalimu huyu anafaa sana kwenda masomoni. Ni mkweli kupita kiasi. Napendekeza aende mapema iwezekanavyo, na chuo kikiwa mbali itakuwa vizuri zaidi."

Nikasoma mara tatu. Sikuelewa nimesifiwa au nimefukuzwa. Nikainua uso nimuulize, nikakuta ameegemea kiti, mikono tumboni, macho amefumba.

"Mkuu," nikanong'ona, "nashukuru. Ila umenisamehe?"

Hakufumbua.

"Naliombea taifa, Mwalimu. Ukitoka funga mlango."

Nimefunga. Fomu iko hapa mbele yangu, imejaa, kesho alfajiri naipeleka kabla hajamaliza maombi. Mkishamaliza kucheka, mniandikie mnieleze kitu kimoja tu: maoni yale ya Mkuu, niyaweke kushoto au kulia?