Hofu ni Kwako

Jumatatu, 14 Desemba 1998

Jirani yangu Jairo amepanda miche tisa ya kahawa upande wangu wa mpaka. Tisa! Nimemwambia aing'oe, akacheka, eti mzee wa kanisa naye anagombea udongo? Sasa sikiliza, daftari langu. Emanueli, aliyewahi kuwa karani wa mahakama Vwawa, ananiambia kuandika "nitakuua" ni jela, lakini "utaona" haina kifungu. Utaona nini? Hakuna ajuaye. Nimesali, kisha nimeandika, bila jina:

"Bwana Jairo, mimi ni mzima, hofu ni kwako. Ng'oa miche kabla ya Jumapili. La sivyo, utaona."

Salamu sikuweza kuiacha. Mama alitulea kwa adabu.

Jumanne, 15 Desemba

Nimeipenyeza barua chini ya mlango wa Jairo wakiwa shambani. Mchana nikasikia mke wake, Edina, analia. Jairo ananoa panga. Ananoa tu. Sijala.

Jumatano, 16 Desemba

Amekuja! Na panga! Kumbe anataka maombi. Anasema "utaona" haimsumbui, mtu huona mengi, ila hilo la hofu ni kwako limemnyima usingizi. Eti aliyeandika hivyo ni muuaji kabisa. Nikamwekea mkono kichwani, nikaomba huku natetemeka. Akasema nimeomba kwa uchungu kama ndugu wa tumbo moja. Kesho anaipeleka barua baraza la kata, na anataka nimsindikize. Mwandishi akijulikana, ni polisi. Bwana, nifiche!

Alhamisi, 17 Desemba

Mwenyekiti wa baraza, Mama Fortunata, akaisoma kwa sauti. Akauliza kama hili ni tishio. Wajumbe wote: ndiyo, hofu imetajwa waziwazi, huyo mtu atafutwe. Mwisho nikasimama, nikasema jamani, hiyo ni salamu ya barua, kila mtu huandika. Mama Fortunata akasema salamu kamili ni "hofu ni kwako wewe uliye mbali nami". Mbona mbali haipo?

Nikamjibu ningeandikaje mbali, na nyumba zetu zimepakana?

Kisha Jairo, taratibu: kumbe ni wewe, mzee wangu.

Jumapili, 20 Desemba

Polisi nimeepushwa, Jairo mwenyewe aliwasihi wajumbe. Uzee wa kanisa nimevuliwa mbele ya kwaya nzima. Krismasi nitakaa benchi la nyuma. Mke wangu Loisi ananiambia neno moja tu kutwa: kula. Mpaka utapimwa baada ya mvua, na miche inachipua kwa dharau.

Lakini kuna jambo. Mama Fortunata aliniambia nikirudia nitakiona. Nitakiona! Mbele ya mashahidi! Yaani mimi nikitisha ni kosa, yeye akitisha ni sheria? Siwezi kuliacha. Nimeanza barua ya siri kwa Mkuu wa Wilaya. Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane. Chini nimeweka jina langu kamili. Barua ya serikalini haipokelewi bila jina.