Mama, Mimi ni Polisi

Nimeaibika leo, jamani. Nawaambia mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Mbugangari hawajawafikia na chumvi zao.

Cherehani yangu iko ukuta mmoja na banda la video la Djuma. Ukuta wenyewe ni mbao tu. Djuma huonyesha filamu za zamani za majambazi, zile za wanaume wenye suruali pana miguuni, na yeye hushika mikrofoni akiwatafsiria watazamaji. Kila mwanaume humpa sauti yake. Wanawake wote? Sauti moja, nyembamba kama ya paka aliyekanyagwa: "Papa, niokowe!"

Nimevumilia sana. (Mume wangu atabisha.)

Leo mchana nje ya banda kulikuwa na picha ya mwanamke mweusi kama sisi, nywele kama mwavuli, bastola mkononi. Mpelelezi mkuu! Nikaacha gauni la watu kwenye mashine, nikaingia.

Alikuwa moto. Alipiga mlango teke, akamkaba jambazi shingoni, akamwekea bastola kidevuni. Djuma akatafsiri: "Papa, naogopa, unisaidiye!"

Nikasimama. "Djuma! Anaogopa nini na bastola ni yake?"

"Mama, mwanamuke wa filme inafaa aogope. Ile ndiyo batu banapenda."

"Nani kakwambia? Huyu amewaambia watupe silaha chini!"

"Bon. Kama we iko fundi wa filme pia, kuja useme."

Nikaenda. Nikachukua mikrofoni, nikawageukia watazamaji, kwa sababu nilikuwa na ujumbe. (Hapo ndipo nilipokosea.)

"Tupeni silaha, ng'ombe ninyi! Mkuu hapa ni mimi!"

Makofi! Nikapata nguvu.

"Mlizoea wa kulialia? Leo mtaona mwanamke alivyo! Fungueni macho!"

Miluzi. Watu wakasimama juu ya mabenchi. Nikajua ujumbe umefika.

"Nani mwingine anataka? Aje hapa! Nawaweza wote!"

Banda likalipuka. Mzee mmoja akavua kofia, akajifunika uso. Nikashangaa, mbona anaona haya?

Pazia la mlangoni likafunguka. Akaingia Bi Zaituni, mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hata kikohozi chake kina heshima. Alikuwa analeta kitambaa nimshonee. Sasa, spika ya Djuma iko nje, inaangalia barabara. Alikuwa amenisikia tangu kona ya soko.

Akanitazama. Akatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Kwenye skrini, yule mpelelezi wangu alikuwa anaoga! Mapovu mpaka kifuani, bastola pembeni ya sabuni, anatabasamu. Wezi wako chumba cha pili! Kesi haijaisha! Nani alimwambia avue nguo?

"Mukamwana," akasema Bi Zaituni polepole, "hii ni kazi gani unafanya humu?"

Nikajibu haraka, mikrofoni bado mdomoni:

"Mama, mimi ni polisi!"

Mana yanjye, Mungu wangu! Barabara nzima ilisikia. Waendesha pikipiki wakapiga honi. Muuza karanga mlangoni akanipigia saluti.

Bi Zaituni akanishika mkono, akanitoa. Tukarudi kwenye cherehani. Nikangojea kutukanwa. Akakaa, akakunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Na ule mwanamuke, wale bezi alibakamata?"

"Sijui, mama. Nilimwacha anaoga."

Akasonya sonyo refu. "Banaume ndiyo balitengeneza ile filme. Mwenye akili angebafunga kwanza, halafu aoge."

Basi, mnaotaka kucheka, subirini. Kwanza mnitajie mpelelezi mmoja tu wa kiume aliyewaacha wezi chumba cha pili akaenda kujipaka sabuni. Mmoja! Mkimkosa, fungeni midomo.