Vitambaa vya Kompyuta na Neno la Siri la Chuo Kizima

Umma wote wa Kawangware, kuanzia sokoni hadi Riruta Satellite, unatangaziwa kwamba Chuo cha Ufundi cha Upeo Mpya kimeumaliza kabisa wizi wa mtandaoni. Tumeumaliza kwa waraka. Una kurasa kumi na nne, na mimi, Ephantus, Katibu wa Kamati ya Usalama wa Kompyuta, ndimi niliyeugonga muhuri, kila ukurasa mara mbili.

Wenye wivu watauliza tulifanyaje. Nitaeleza bila kuficha, maana kuficha ndiko tulikokomesha.

Tulianza na mashine zenyewe. Vumbi la huku kwetu linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Basi Naibu Mkuu, Madam Rahab, akaunda Kamati Ndogo ya Vitambaa. Mnavijua: vile vya kufumwa kwa krosheti, vinavyotandazwa juu ya viti vya sebule ya watu wa heshima. Kila kompyuta ikavikwa chake, cheupe, chenye maua pembeni, mbele na nyuma, mpaka matundu yote yakazibwa. Maabara ikapendeza hivi kwamba mgeni akiingia alikuwa anakaa na kungojea chai.

Mashine zilianza kuzimika kila baada ya dakika ishirini. Hilo tuliliandika kama mapumziko ya vifaa.

Kisha tukaingia kwenye maneno ya siri. Wanafunzi walikuwa wanayasahau ovyo, na tena ni ubaguzi mmoja awe na gumu na mwenzake rahisi. Tukawapa wote moja: karibu123. Mkuu wa Chuo, Bwana Kinyanjui, ambaye pia ndiye mwenye ploti chuo kilipojengwa, alilipitisha na kulitumia yeye mwenyewe, awe mfano. Tukalibandika langoni kwa herufi kubwa, chini ya kibao cha "Mbwa Mkali". Soja wetu wa langoni, Mbithi, akapewa kaunta buku, lile daftari nene: kila anayeingia anaandikwa jina, anakotoka na neno lake la siri. Kitu ambacho kila mtu anacho, nani atahangaika kukiiba?

Chuo kizima kilitii isipokuwa mtu mmoja. Kanini Mutiso, wa mwaka wa mwisho, hutembea kila asubuhi kutoka Kambi Muru kule Kibera. Ijumaa moja projekti yake ya mwisho ilitakiwa iwafikie watahini kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, anarudia mwaka mzima. Nami nilimsikia langoni kwa masikio yangu.

"Niaje, Mbithi."

"Poa. Paswadi?"

"Hiyo sikupi."

"Kanini, usinichomee kazi. Mimi naandika tu. Hapa nimeandika za watu mia nne."

"Na si zote ni moja?"

"Ndiyo. Lakini naandika."

Kufika maabara, msichana huyo akatoa kitambaa kwenye kompyuta akakiweka kando. Tukamwita kikaoni saa tatu kamili kwa makosa mawili: kuwa na neno la siri ambalo ni siri, na kuivua kompyuta nguo mbele ya watu.

"Sir, mashine inapumua kwa nyuma," alijitetea. "Mkiifunika inajipika. Hiyo niliyoitoa kitambaa haijazima hata mara moja."

"Kanini," Madam Rahab alisema kwa upole, "hata kwenu tivi imefunikwa."

"Kwetu tivi ilikufa, madam."

Mkuu akagonga meza. "Na hiyo paswadi, unaficha nini?"

"Naificha yenyewe, sir. Si ndiyo kazi yake?"

Niliandika: mshtakiwa hana majuto. Hapo simu ya Mkuu ikalia. Barua pepe kutoka kwa mtu aliyejiita Ofisi ya Juu: akaunti yako ya chuo itafungwa ndani ya saa moja, thibitisha neno lako la siri.

"Aki sir, usijibu!" Kanini alisimama. "Huyo ni mwizi. Angalia anwani yake hapo juu, imetoka kwa duka la viatu!"

"Wewe ni mshtakiwa. Huwezi tena kuwa shahidi," Mkuu alimkumbusha. Hoja ikatolewa, Madam Rahab akaiunga mkono, ujumbe ukaenda. Niliandika: Mkuu alijibu kwa wakati.

Haikuchukua dakika kumi akaunti yake ya chuo ikamkataa. Kisha barua nyingine ikaingia, safari hii kwenye akaunti yake ya nyumbani, ikitaka neno la siri la hiyo nayo, haraka sana. Mkuu aliisoma mara mbili.

"Imetoka kwa nani?" Madam Rahab aliuliza.

"Kwangu."

"Wewe mwenyewe?"

"Jina langu hili hapa, na cheo."

"Basi lazima ijibiwe."

"Na mimi huwa sipendi kungojeshwa," alisema Mkuu, akajijibu.

Kufikia saa tano, akaunti mia nne zilikuwa zimefungwa, kwa kuwa ufunguo ulikuwa mmoja. Huko nje ilikuwa kelele tupu: "Buda, imenikataa!" "Hata mimi imenichapa!" Kikao hakikutikisika. Tulipiga kura na kumsimamisha Kanini masomo.

Hapo ndipo kikatokea kikwazo kidogo cha kiutaratibu. Kwa mujibu wa waraka wetu, uamuzi kama huo ni batili usipotumwa kwa Bodi ya Chuo siku hiyohiyo, kwa akaunti ya chuo. Na akaunti ya chuo iliyobaki hai ilikuwa moja tu.

Mkuu akakohoa. "Kanini. Yako inafanya kazi?"

"Inafanya, sir."

"Basi tusaidie kutuma barua ya kukusimamisha."

Msichana aliitazama saa ya ukutani. "Sawa, sir. Lakini naanza na projekti yangu. Saa sita ikipita nimeisha."

"Fanya haraka."

Tulimfuata maabara. Alivua tena kitambaa tulichokuwa tumekirudisha, nami nikakipokea kwa heshima zote. Projekti yake ikaondoka saa sita kasoro dakika nane. Wenzake darasani, kumi na mmoja, wakamsogezea flashi zenye projekti zao, naye akazituma moja baada ya nyingine, ya mwisho ikibakiza dakika moja. Ndipo akafungua barua yetu.

"Niambatishe kumbukumbu za kikao?"

"Zote," nilisema kwa fahari. "Kurasa tisa."

Alizipitia polepole. "Mwalimu Ephantus, umeandika kila kitu. Mpaka saa na dakika."

Nilimshukuru. Ni nadra mwanafunzi kutambua kazi ya katibu.

Jibu la Bodi lilifika Jumatatu. Lilisema kumbukumbu zetu zimesomwa mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Kanini hajasimamishwa. Vitambaa virudi kwenye viti. Na sisi watatu tukae nje ya ofisi mpaka tufaulu somo la usalama la wanafunzi wapya, ambalo kwa sasa litafundishwa na Kanini.

Asubuhi ya kwanza ya somo hilo, Mbithi alimsimamisha Bwana Kinyanjui langoni.

"Jina? Na unatoka wapi?"

"Mbithi! Hii ploti ni yangu!"

"Najua, mzee. Mimi naandika tu."

Mtihani ulikuwa na swali moja: mtu akikuandikia akitaka neno lako la siri, utafanya nini? Bwana Kinyanjui alifikiri sana, akapangusa miwani, akaandika: "Nitamjibu kwa wakati."

Alifeli. Nina hakika, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma yake, nami nilinakili jibu lake neno kwa neno.