Mavuno ya Shamba la Tano

"Ndugu wafanyakazi! Kuanzia leo, tarehe mosi Julai 1987, ni marufuku kwa binadamu kuhesabu magunia."

Tangazo hilo lilisomwa na Ndugu Bashiri Shumbana, Meneja wa Kanda wa Shirika la Ngano la Uwanda, akiwa amesimama juu ya tela ambalo trekta lake lilikuwa linasubiri vipuri tangu mwaka juzi. Kazi ya kuhesabu, alieleza, sasa itafanywa na Mfumo wa Kisasa wa Taarifa za Kihesabu, yaani kompyuta, ambao ulikuwa umewasili kutoka Dar es Salaam katika maboksi mawili, umefungwa kwa magodoro ili usishtuke njiani. Watu walipiga makofi. Enzi hizo watu walipiga makofi kwanza wakauliza baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikufika.

Genoveva Tluway alipiga makofi mawili tu, kisha akashika ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake. Alikuwa mtunza stoo wa Stoo Namba Tatu kwa mwaka wa kumi na tisa. Desemba alitarajia kustaafu, arudi kwao Tlawi, huko Mbulu, aezeke nyumba yake kwa bati. Bati lilitegemea kiinua mgongo, na kiinua mgongo kilitegemea karatasi moja: hati ya makabidhiano iliyoandikwa "hakuna upungufu". Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kupoteza gunia, wala kamba ya kufungia gunia. Kila jioni alihesabu kwa kidole, akaandika kwa chaki mlangoni, ndipo akaandika kwenye leja. Sasa kidole chake kilikuwa kimepigwa marufuku.

Mfumo ulipewa chumba kilichokuwa ofisi ya malipo. Mtu aliingia humo akiwa amevua viatu, kwa sababu ya vumbi. Meneja alipendekeza pia watu wapunguze kupumua wakiwa ndani, lakini pendekezo hilo lilirudishwa kwenye kamati kwa marekebisho. Jenereta ya kuuendesha ilipewa dizeli ya kombaini za kuvunia, na hili, tuseme ukweli, liliurahisishia Mfumo kazi: ngano iliyovunwa ilipungua, kwa hiyo na ya kuhesabu ikapungua.

Wiki ya pili alikuja mtaalamu kutoka chuoni, kijana mpole aitwaye Nicodemo, kuendesha semina. Washiriki walikuwa watunza stoo watatu, Meneja, ambaye alihudhuria ufunguzi na chakula cha mchana, na Joakimu, aliyekuwa karani wa mahudhurio na sasa amepandishwa cheo kuwa Karani wa Mfumo.

"Takwimu za kweli hatuzigusi," Nicodemo alisema. "Mwanafunzi anaweza kuziharibu. Shirika lina mashamba manne, sivyo? Basi sisi tutafungua la tano, la kujifunzia. Tuliweke wapi?"

"Masakta," alisema Joakimu. "Nyuma ya boma la mzee Gidahosh. Pale pana nyasi nzuri."

Shamba la Tano likafunguliwa Masakta, eka elfu mbili. Kufikia saa tatu asubuhi lilikuwa limelimwa. Wakati wa chai lilikuwa limepandwa, na kabla ya wali wa mchana limevunwa, magunia elfu kumi na mbili, bila ugonjwa wa kutu, bila ndege, bila kombaini hata moja kuzimika mlimani. Mshiriki mmoja aliomba mvua icheleweshwe kidogo ili mambo yafanane na ya hapa Hanang. Nicodemo akamjibu kwamba Mfumo haukuwa na sehemu ya kuandika mvua.

Ilibaki kuyaweka mahali. Mfumo ulizijua stoo tatu, na mbili zilikuwa zimekwisha kutumika kwa zoezi la mbolea. Joakimu akabonyeza tatu.

Genoveva alinyanyua mkono. "Mwalimu, hayo magunia umeyaingiza stoo kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi sijayapokea."

"Ni mazoezi tu, mama."

"Mazoezi nimeyaelewa, mwanangu. Mimi naulizia magunia."

Nicodemo alicheka kwa adabu, akamhakikishia kuwa siku ya mwisho yote yatafutwa. Siku ya mwisho jenereta iliishiwa dizeli. Lori la kumrudisha Arusha lilikuwa linapiga honi, kwa hiyo aliandika kikaratasi kwa herufi kubwa, akakibandika kwenye mashine: FUTA SHAMBA LA TANO KABLA YA KUTUMA TAARIFA. Halafu akawaaga wote kwa adabu, akaondoka.

Septemba taarifa ikachapishwa. Meneja aliisoma akiwa na soksi. Mashamba manne ya kweli yalikuwa yametoa magunia elfu tisa na mia mbili. Lengo la Kanda lilikuwa elfu ishirini, na kwa miaka sita Ndugu Bashiri alikuwa ameandika barua za kueleza kwa nini halikufikiwa. Kwenye mstari wa mwisho wa karatasi hii palisomeka: jumla, 21,200. Aliufuata mstari huo kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akakibandua kile kikaratasi, kwa sababu za usafi wa mashine.

Joakimu akajikohoza. "Ndugu Meneja, lile la tano ni la semina."

"Semina ilifanyika au haikufanyika?"

"Ilifanyika."

"Shirika liligharamia au halikugharamia?"

"Liligharamia."

"Basi hayo ndiyo matunda yake. Tuma."

Genoveva alipopata habari alivua viatu mlangoni na kuingia bila kuitwa. Aliogopa, na hakuona haya kuonyesha kwamba anaogopa. "Ndugu Meneja, nakuomba. Stoo yangu ina magunia elfu mbili mia tatu na kumi na manne. Karatasi inasema elfu kumi na nne na mia tatu na kumi na manne. Miezi mitatu ijayo nakabidhi. Nitakabidhi nini? Yafuteni."

Meneja alimwangalia kwa huruma ya kiofisi. "Mama Genoveva, umeyahesabu kwa kutumia nini?"

"Kwa kidole."

"Unaona? Kosa la kwanza hilo. Na kosa la pili: kilichoingia kwenye Mfumo hakifutwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Nitatoa mwongozo." Akautoa papo hapo, ukapigwa chapa, na wafanyakazi wote wakausaini kuthibitisha kwamba wameusoma, ili asije mtu akasema hakujua.

Siku ile Genoveva alitoka nje na hasira. Hakulala vizuri wiki nzima.

Makao Makuu yalifurahi kupita kiasi. Ilikuja simu ya maandishi ya pongezi, kisha barua: kwa kuwa Shamba la Tano limeyapita mashamba yote nchini, haifai kubaki bila uongozi; ateuliwe Meneja wake, ambaye atalipwa posho ya mazingira magumu kwa kila gunia aliloshikilia. Ndugu Bashiri alitafakari sifa za wote waliofaa, akajiteua.

Lakini posho haikutoka. Mfumo ulidai namba ya hati ya makabidhiano, na fomu za makabidhiano, zile zenye nakala tatu na karatasi ya kaboni katikati, alikuwa nazo mtu mmoja tu.

"Mama Genoveva, leta kitabu chako," Meneja aliagiza dirishani mwa Land Rover. "Fasta kidogo, nawahi benki Katesh."

Genoveva alikuja na kitabu, akakiweka juu ya boneti. "Niandike unapokea nini, Ndugu Meneja?"

"Shamba."

"Shamba tu? Barua imesema posho ni kwa gunia."

"Andika na magunia basi! Yote!"

Akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni: eka elfu mbili zilizopo Masakta, pamoja na magunia 12,000 ya ngano, yaliyokuwa yakisomeka Stoo Namba Tatu, ambayo kuanzia leo yametoka kwa mtunza stoo na yamo mikononi mwa Meneja wa Shamba la Tano, yakiwa kamili na salama. Ndugu Bashiri aliisoma fomu mara mbili. Alikuta kosa moja: cheo chake kilikosa neno "Mwandamizi". Likaongezwa, akasaini. Nakala nyeupe ikaenda Makao Makuu, ya waridi kwa wakaguzi. Ya njano Genoveva aliikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa.

Novemba yalifika malori thelathini kuchukua ngano ya Shamba la Tano.

Yalipanga foleni kuanzia Stoo Namba Tatu hadi nje ya lango. Mbele ya malori lilikuja gari dogo la Mkaguzi wa Hesabu, Bi Letisia, mwanamke mfupi asiyependa soda za kukaribishwa. Mlango ukafunguliwa. Mle ndani palikuwa na magunia 2,314 na paka mmoja.

"Ameyaiba," alisema Ndugu Bashiri bila kupoteza muda. "Nasikitika kusema, maana ni mama mtu mzima. Magunia elfu kumi na mbili. Ufunguo ni wake, ameuvaa shingoni, mnamwona."

Madereva wakageuka kumtazama. Genoveva aliushika ufunguo. Bati la Tlawi aliliona likiondoka moja moja.

"Magunia yalitoka shamba gani?" aliuliza Bi Letisia.

"La Tano."

"Twende huko kwanza. Nataka kuona yalikoanzia."

Ndugu Bashiri alieleza kwamba njia ni mbaya, kwamba kuna mkutano, kwamba mvua inakuja. Bi Letisia alikuwa amekwisha kupanda gari, na nyuma yake Joakimu na Genoveva, kitabu cha fomu na cha nyimbo kwapani. Malori nayo yakafuata, kwa kuwa hakuna dereva aliyetaka kurudi Arusha mtupu.

Nyuma ya boma la Gidahosh hapakuwa na shina moja la ngano. Palikuwa na nyasi, ng'ombe wapatao themanini, na mzee mwenyewe ameegemea fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Letisia. "Tunalitafuta Shamba la Tano la Shirika."

"Marahaba. Sijui. Liko wapi?"

Joakimu akatazama viatu vyake. "Umesimama juu yake, mzee."

Gidahosh akatazama chini, akatazama ng'ombe. "Tangu lini?"

"Tangu Julai."

Mzee alifikiri, kisha uso ukamchangamka. "Hili ni zuri! La kwanza mlipolifungua mlichukua malisho yangu. La pili mkachukua njia ya maji. La tatu mkalima makaburi ya baba zetu, na mimi nimesimama naona. Hili hata trekta sikusikia. Yale mengine nayo yafanyeni hivi hivi."

Bi Letisia alifunga daftari lake. "Ndugu Meneja, shamba halipo."

"Shamba lipo!" Ndugu Bashiri alipaza sauti. "Lipo kwenye Mfumo, na Makao Makuu walilipongeza! Kilichokosekana ni ngano, na ngano aulizwe mtunza stoo!"

Ndipo Genoveva alipofungua kitabu cha nyimbo. Akaitoa ile karatasi ya njano, akamnyooshea mkaguzi. Bi Letisia aliisoma kwa sauti hadi kwenye neno "Mwandamizi".

"Saini hii ni yako?"

Ndugu Bashiri alikubali kwamba inafanana.

"Basi mama huyu hadaiwi. Ngano iko kwako, kamili na salama, umesaini mwenyewe. Utakuja nami Dar es Salaam ukaieleze. Ila kwa taratibu zenu, meneja haachi kituo kabla hajakabidhi shamba. Nani analipokea?"

Ndugu Bashiri alimgeukia Joakimu, ambaye aligundua kamba ya kiatu imelegea. Akawageukia madereva. Mmoja akasema yeye ana watoto.

"Nipe mimi," alisema Gidahosh.

"Mzee, wewe si mtumishi," alisema Ndugu Bashiri.

"Fomu haiulizi utumishi," alisema Genoveva, na tayari alikuwa amechomeka kaboni. "Inauliza jina, na kinachokabidhiwa." Akaandika: ardhi ya Masakta, eka elfu mbili, na nyasi zake. Akaacha nafasi, akaandika chini: magunia 12,000 yanabaki kwa mkabidhi. Safari hii Ndugu Bashiri alisaini bila kusoma hata cheo. Mzee akaweka dole gumba mahali pa mpokeaji, akaupuliza wino ukauke.

"Sasa," alisema, "malori yenu yatoke kwenye shamba langu. Yanakanyaga nyasi."

Desemba Genoveva alikabidhi. Yeye na mtunza stoo mpya walijifungia Stoo Namba Tatu wakahesabu kwa vidole, kwa siri, wakapata 2,314. Alipokwenda chumba cha Mfumo kuchapishiwa hati yake, alimkuta Ndugu Bashiri ndani. Alikuwa amerudishwa kutoka Dar es Salaam bila cheo, akikatwa mshahara kila mwezi hadi ngano itakapotimia. Kwa hesabu ya Mfumo ingetimia mwaka 2143.

"Joakimu, ndugu yangu," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Bonyeza tu. Futa. Nani atajua?"

Joakimu alionyesha ukutani, ulipobandikwa mwongozo wenye saini za wafanyakazi wote, na ya juu kabisa ikiwa kubwa kuliko nyingine. "Kilichoingia kwenye Mfumo hakifutwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Halafu, Ndugu, umeingia na viatu."

Ndugu Bashiri akainama, akavivua. Mashine ikachapa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa taarifa ya mwaka: mashamba manne yamepata hasara, Shamba la Tano, msimamizi Gidahosh, ng'ombe themanini na wanne, hakuna upungufu. Ya pili ilikuwa ya Genoveva, nayo ilisema hivyo hivyo: hakuna upungufu. Aliisoma yote, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, akavaa viatu vyake mlangoni na kwenda kutafuta lori la Mbulu.