Profesa Castory na Kihisi cha Mwanga

Jumatatu, 2 Desemba

Wiki ya mwisho imeanza. Asubuhi Mzee Badr ametutangazia, mimi na Loveness, kwamba karakana yake ina nafasi ya mwanafunzi mmoja tu. Ataamua Ijumaa. Alisema hivyo huku akitafuna kashata, kana kwamba ni habari ndogo.

Si ndogo! Nisipobaki, nakwenda Horohoro. Shangazi Bibiana ana mgahawa pale mpakani na ameshanitandikia kitanda. Kazi yangu itakuwa kusimama barabarani na kuwaita madereva wa malori waje kula. Mimi! Mimi niliyekuwa naitika "nipo" kwa sauti ndogo hadi mwalimu wa zamu akaniandika mtoro.

Kazi yenyewe ni hii. Mzee Badr anaunda vishikwambi vya shule. Juu ya kioo kuna kijicho kidogo, kihisi cha mwanga, ili kioo king'ae juani na kififie kivulini. Kijicho kipo, ila mashine haijui kuongea nacho. Fundi Lucas ameandika draiva, yaani mkalimani wao. Ijumaa itatumwa kwa wakubwa wa kerneli, watu wanaotunza ule moyo wa Linux, mfumo unaoendesha mashine hizi, ili itumike dunia nzima. Kabla ya hapo inakaguliwa kwenye ukurasa wa wazi mtandaoni. Yeyote anaweza kutoa maoni. Anayeridhika, jina lake linaandikwa chini ya msimbo, yaani maandishi ya draiva yenyewe: Imekaguliwa na fulani.

Mkakati: kukagua kuliko Loveness. Nimeusoma msimbo hadi macho yakawasha. Kosa sikuona. Nimeona nafasi tupu zilizozidi mwishoni mwa mistari. Nimezitolea maoni zote, moja moja.

Loveness ameandika "Safi sana fundi wetu!" akaweka na kimoyo. Fundi Lucas amemrudishia kimoyo. Mimi amenijibu "Sawa." Halafu "Sawa." Halafu "Sawa, Imakulata, nimekuelewa."

Jumanne, 3 Desemba

Nimeliona kosa! Kosa la kweli!

Draiva kabla ya kukisoma kihisi hufunga kufuli, ili mwingine asiingilie. Ikimaliza, hufungua. Ni kama choo cha nyumba yetu ya kupanga Makorora: unaingia, unaweka komeo, unatoka, anaingia mwingine. Vizuri. Lakini kihisi kisipojibu, draiva ya Fundi Lucas inakata tamaa na kutokea dirishani. Komeo linabaki limefungwa kwa ndani. Wapangaji wote wanasimama nje na ndoo zao mpaka kiama. Kishikwambi kinaganda.

Nafasi ni yangu!

Tatizo: Fundi Lucas ni mtu mzima, ana watoto wanaosoma. Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Huvutwa pembeni. Nikamvizia pembeni. Mara ya kwanza nikamwuliza kama ameshakunywa chai. Mara ya pili nikamwuliza kama ameshakunywa chai. Mara ya tatu akaniletea chai.

Basi nikaandika pale ukurasani, kwa adabu. Nanukuu: "Shikamoo Fundi Lucas. Pole na kazi. Sisi wadogo zako tunajivunia ustadi wako. Kufuli umelifunga vizuri mno. Mungu akijalia, pengine lingeweza kufunguliwa na mahali pengine, lakini wewe ndiye mjuzi."

Jibu: "Marahaba! Nashukuru kwa kuridhia."

Muda si muda, chini ya msimbo: Imekaguliwa na Imakulata Laurenti.

Sijaridhia! Jina langu limebandikwa kwenye mlango wa choo kilichofungwa! Na Ijumaa dunia nzima italisoma. Loveness kanikumbatia, kanipongeza. "Shosti, umetokea!"

Nimeshindwa kula.

Jumatano, 4 Desemba

Mkakati mpya. Una akili nyingi kiasi kwamba naogopa.

Mkubwa hawezi kukosolewa na mdogo. Lakini mkubwa anaweza kukosolewa na mkubwa zaidi! Mkubwa zaidi hayupo? Anatengenezwa.

Nimefungua anwani mpya ya barua pepe. Jina: Profesa Castory. Mstaafu. Mtu mwenye jina hilo hawezi kuwa kijana. Nilipoanza kuandika, vidole vyenyewe vikawa vikali. "Ndugu Lucas. Kihisi kisipojibu, unatoka bila kufungua kufuli. Hili ni kosa. Rekebisha." Hakuna shikamoo. Hakuna pole na kazi. Raha iliyoje!

Fundi Lucas alisoma, akachomoa waya wa kihisi kwenye kishikwambi kimoja. Kikaganda kama samaki wa frija. Akapiga meza. Nikafikiri amekasirika. Kumbe anacheka! Alisema hajakosolewa hivi tangu aache shule, na huyu mzee ni kiboko. Akaahidi kurekebisha. Jina langu litakuwa salama.

Hapo ningepaswa kusimama. Lakini Fundi akauliza maswali, na Profesa akajibu. Akauliza mengine. Profesa ana majibu mazuri sana. Kufika alasiri Mzee Badr naye amesikia, kaja kusomewa yote kwa sauti, kofia mkononi.

"Wallahi, huyu ndiye mtu," akasema. "Nina wasichana wawili hapa, mmoja haongei, mmoja hanyamazi. Nafasi nampa huyu mzee."

Nafasi yangu! Nimenyang'anywa na mimi mwenyewe!

Na hapo Loveness, ambaye hakubali kupitwa na jambo, akasema kwamba anamfahamu Profesa Castory. Ni jirani wa mjomba wake kule Korogwe. Mrefu, ana kipara, mpole akishakuzoea. Nilikaribia kumwuliza kama hajambo.

Alhamisi, 5 Desemba

Profesa ameikataa kazi. Nimemwandikia sababu ya heshima: afya yake si nzuri.

Kosa! Mzee Badr kasikitika kupita kiasi. Anaumwa nini? Miguu? Moyo? Ana daktari wake, mtu wa familia, atamtibu. Profesa akae hapa hapa Tanga, nyumbani kwake, chumba cha uani kina upepo. Kesho gari linakwenda Korogwe kumchukua. Loveness atamwelekeza dereva nyumba.

Loveness akatabasamu kama mtu aliyemeza mwiba.

Mtu anayefuatwa na gari hana pa kujificha. Nimefikiri mchana kutwa. Iko njia moja tu. Profesa Castory ni lazima afe.

Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Nasikitika kuwataarifu kwamba nimefariki." Nikafuta. Rasimu ya pili nikaandika kwa niaba ya familia. Ameanguka ghafla. Mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Kasulu. Nilichagua Kasulu kwa sababu ramani nzima ya Tanzania iko katikati. Hakuna atakayekwenda. Nikatuma nikiwa barazani kwetu, Mama akinisuka. Mama kaniuliza mbona nimeshusha pumzi. Nikasema kuna mtu ametangulia.

Ni huzuni kidogo. Aliandika vizuri. Lakini yamekwisha.

Ijumaa, 6 Desemba

Hayajakwisha.

Nilisahau niko nchi gani! Hapa mtu akifa ndipo mambo yake yanapoanza!

Nimefika karakana, nimekuta viti vimepangwa nje. Redio imezimwa. Mafundi wa cherehani wa duka la pili wamekuja kutoa pole. Bahasha ya rambirambi inazunguka. Mzee Badr alitangaza kwamba Mkristo, Mwislamu, msiba ni msiba, na mtu aliyeisaidia karakana hii bila kutaka hata asante hawezi kuzikwa kama hana watu. Draiva haitumwi leo, kwa heshima ya marehemu. Nikatumbukiza nauli yangu ya kurudia nyumbani. Kwa ajili ya kifo changu!

Loveness alikuwa amejifunga kanga kiunoni na analia. Analia vizuri. Aliwasimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimchumia mapera akiwa mdogo. Mama mmoja wa cherehani akaanza kulia naye.

Kisha akaja Mama yangu, sufuria ya maandazi kichwani. Kasikia msiba kwa jirani.

Fundi Lucas akauliza anazikwa wapi hasa. Mzee Badr akamsomea: Kasulu. Fundi akasimama.

"Kasulu? Kasulu kwetu?"

Babu yake alitoka huko kuja kukata mkonge, akabaki. Kumbe Profesa ni mtu wa kwao! Lazima wana undugu, ndiyo maana akili zao zimepatana. Anazikwa kijiji gani? Wa ukoo gani? Akatoa simu, akaanza kumpigia baba yake mdogo aliyeko Kasulu. Baba mdogo akasema hajawahi kumsikia, lakini anatoka sasa hivi kwenda kuuliza kanisani.

Mzee Badr akasema hakuna haja ya kubahatisha. Gari lipo. Twende Korogwe, familia itatueleza kila kitu. Loveness, panda mbele, utaonyesha nyumba.

Loveness akaacha kulia. Kanga ikamponyoka. Akanisogelea na kuninong'oneza: "Ima, nimekwisha. Mzee mwenyewe simjui hata kwa picha."

Nitaandika ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Niliona nafasi. Nikinyamaza tu, na kunyamaza ndicho kipaji changu, Loveness angefika Korogwe bila nyumba ya kuonyesha. Angefukuzwa kama mwongo. Nafasi ingebaki na mtu mmoja. Sikuhitaji kufanya chochote.

Lakini alikuwa ameshika mkono wangu, na sasa machozi yalikuwa ya kweli, na ya kweli hayapendezi kama yale ya kwanza. Pua inavimba.

Nikasema, "Profesa Castory ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Nikarudia. Mama akasema, "Huyu mtoto msiba umemwingia kichwani, mpeni maji."

Basi nikasimama juu ya kiti. Sijui nani alinipandisha. Nikaeleza kufuli, kihisi kisichojibu, nikaeleza choo, komeo, dirisha, wapangaji na ndoo zao. Nilisema kwa sauti. Mbele za watu! Mafundi cherehani walielewa mara moja. Mmoja akasema hata kwao choo kina tabia hiyo.

Mzee Badr akaanza kucheka, akacheka hadi kofia ikaanguka ndani ya sufuria ya maandazi.

Fundi Lucas hakucheka. Alisema hilo la kufa atalisamehe, ila lile la kwanza linamuuma: kwamba nilimwona ni mtu asiyeambiwa. Akasema kwenye ukurasa ule hakuna mkubwa wala mdogo. Anayeona mlango umekwama anagonga, hata awe mtoto, na anagonga wote wakisikia ili na mwingine asikwame. Akanikalisha kwenye kiti chake. Andika, akasema. Jina lako. Bila shikamoo.

Nikaandika: "Kuna kosa hapa. Imakulata." Jasho lilinitoka. Nilitaka kuongeza "samahani" mwishoni, akanizuia mkono.

Uamuzi wa Mzee Badr: nafasi alishampa Profesa. Profesa amefariki, hivyo inakwenda kwa mrithi. Loveness atakaa dukani mbele, kwa sababu anayeweza kumlilia mtu asiyekuwepo anaweza kumwuzia mteja chochote. Rambirambi zimenunua mchele na nyama. Matanga yakageuka pilau. Fundi alimpigia tena baba yake mdogo kumzuia. Amechelewa. Kasulu wameshamwombea Castory misa.

Mama ameniambia tutaongea nyumbani. Tumeongea.

Shangazi Bibiana amekunja kitanda.

Jumanne, 10 Desemba

Jana ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Draiva ilitumwa Jumamosi, komeo linafunguka, na jina langu liko chini yake kihalali.

Leo mmoja wa wakubwa wa kerneli ametujibu! Mzee wa mbali, mwenye sifa kubwa, amekagua misimbo tangu sijazaliwa. Amesifu kazi, kisha akashauri tubadilishe jinsi ya kugeuza kipimo cha mwanga. Nimepiga hesabu. Nimepiga tena. Amekosea! Kwa ushauri wake kioo kitafifia juani na kung'aa gizani.

Fundi Lucas kaangalia hesabu zangu, kasema niko sahihi, na kwamba nimjibu mwenyewe. "Unajua la kufanya. Gonga tu."

Najua la kufanya. Nimejifunza mengi sana wiki iliyopita. Nimekaa mbele ya kioo asubuhi nzima na nimeandika "Shikamoo", nikafuta. Fundi haelewi. Kumgongea yeye ni jambo moja. Huyu ni mzee wa dunia nzima!

Nimetafakari kwa makini yaliyomponza Profesa Castory, ili nisirudie kosa. Nimelipata. Lilikuwa moja tu: afya.

Mchana nimefungua anwani ya Sista Benedikta, mtawa mstaafu, mwalimu wa hisabati. Ni mkali lakini ana haki. Haumwi popote. Anaogelea kila asubuhi.