Athari za Utafiti Wangu Kabungu

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Siku mbaya. Mkuu wa idara, Dk. Mercy, kaniita ofisini. Alhamisi wanakuja wakaguzi kuona athari za utafiti wangu wa kufundisha watoto kusoma kwa vishikwambi. Wasipoziona, vishikwambi vyangu vya shule ya kijijini Kabungu anapewa mhadhiri mwenzangu Eufrazia. Na cheo cha mhadhiri mwandamizi nisahau. Eufrazia! Ambaye mpaka leo ananiomba nimwashie projekta!

Nikaingia mtandaoni kutazama nani amerejelea makala yangu. Nimerejelewa na mimi. Nikamwomba Stanslaus wa kilimo anisaidie. Kakubali, ila na mimi nirejelee makala yake ya viwavijeshi. Sasa viwavijeshi niwaweke wapi kwenye kusoma na kuandika?

Jumanne, 16 Septemba
Mkutano wa wazazi Kabungu. Vumbi la bodaboda mpaka puani. Nikasimama na suti yangu, nikawaomba waseme bila woga athari walizoziona kwa watoto wao. Mzee Makoye, mfugaji, akasema kwa adabu zote kwamba mwanawe Kija siku hizi anaswaga ng'ombe macho yakiwa kwenye kishikwambi, na juzi wameingia kwenye mahindi ya watu. Mwingine akasema wa kwake anatokwa machozi. Mwingine akauliza, kama mimi ni daktari, mbona nimekuja bila dawa.

Mwalimu mkuu, Abednego, akajitosa kuniokoa. Akaapa mbele ya wote kwamba shuleni kwake hakuna athari hata moja, na ikitokea ataidhibiti mapema. Wakampigia makofi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 17 Septemba
Abednego anasema watu wa hapa wanajua athari za mafuriko, za ukame, za sumu. Kwa nini nisiseme faida tu? Nikamjibu kwamba kitaalamu ni athari. Sikusoma miaka yote ile nije kusema faida kama muuza nyanya.

Badala yake nimewafundisha darasa la pili jibu la kuwapa wageni. Wamelikariri vizuri mno, hasa Kija. Leo nalala na matumaini.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimekwisha. Kiongozi wa wakaguzi, mama mmoja mpole, aliwauliza watoto vishikwambi vimewafanyia nini. Darasa zima likasimama: "Tumeathirika sana!"

Yule mama akavua miwani. Akamuuliza Abednego kwa sauti ya chini kama wazazi wanajua, na kama watoto wameshaanza dawa. Abednego akaniangalia mimi!

Kabla sijajieleza, akaja Minza, mama yake Kija, kishikwambi kakifunga ndani ya kitenge. Anasema ana jambo la kuwaonyesha wageni, maana kila jioni mwanawe humfundisha. Nikamkatiza. Nikamweleza kistaarabu kwamba utafiti ni wa darasa la pili, yeye hayumo kwenye sampuli. Nikamsogeza kule jikoni kwenye uji, akakae na Eufrazia, aliyekuja na wakaguzi, maana wote wawili hawakuwa na kazi.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimelia. Msalani, bomba likiwa wazi. Vishikwambi vyote kwa Eufrazia. Cheo hakuna.

Dk. Mercy katusomea ripoti. Kumbe Minza alikuwa hajui hata herufi za jina lake. Meseji zake alikuwa anasomewa na jirani, na siri zake zinazunguka kijiji kizima. Jana pale jikoni akasoma mwenyewe, kwa kusuasua, meseji ya dada yake wa Kahama: mama yao amepona. Eufrazia akamwita mkaguzi. Mkaguzi akatoa leso. Na mimi ndiye niliyempelekea, kwa mikono yangu! Mtu hana utafiti, anaokota athari jikoni!

Jumamosi, 20 Septemba
Sijala tangu jana. Nimeanza makala mpya: "Kwa Nini Kusoma kwa Vishikwambi Hakuifikii Jamii." Hii itanirudishia heshima.

Asubuhi mlango wa ofisi ukagongwa. Minza! Katoka Kabungu na kuku, kaja kunishukuru. Jina langu mlangoni kalisoma mwenyewe, akalikosea kidogo. Anasema hadithi zote za kwenye kishikwambi amezimaliza, anauliza kama nina kingine cha kusoma.

Nimemwambia aache kuku, arudi wiki ijayo. Nilikuwa katikati ya aya ngumu, ile inayoeleza jinsi nilivyozunguka Kabungu nzima nisipate hata mtu mmoja aliyesaidika.